Doriani la Unguja: Tunda Linalobisha Hodi Puani

Katika matunda yote yauzwayo kisiwani Unguja, moja tu ndilo ambalo mnunuzi halitafuti kwa macho. Doriani hujitangaza lenyewe. Ukipita kwa daladala njia ya Mwera au Kizimbani wakati wa msimu wake, madirisha yakiwa wazi, utajua kuwa umekaribia banda la muuzaji kabla hujaliona. Papo hapo abiria hugawanyika makundi mawili: wanaogonga bodi ili dereva asimame, na wanaoziba pua kwa ncha ya kanga.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanalijua fenesi. Hapa kwetu Uganda fenesi halina ugeni, watoto wa kambini hulila mpaka ulimbo ukawagandisha vidole. Kwa mbali doriani hufanana na fenesi dogo. Ni la kijani lenye kuelekea manjano, ukubwa wake ni kama kichwa cha mtu, na uzito wake kwa kawaida ni baina ya kilo 1 na 3. Lakini fenesi lina vinundu butu, na doriani lina miiba ya kweli, migumu, yenye ncha, ambayo hupenya kiganja cha asiye na hadhari. Wala si ndugu. Fenesi ni la ukoo wa mforosadi na mtini; doriani ni la ukoo mmoja na mbuyu, msufi na pamba.

Asili yake ni visiwa na misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Borneo na Sumatra, na jina lake limetoka katika lugha ya Kimalei, ambamo neno “duri” maana yake ni mwiba. Limefika Unguja kwa bahari, kama mikarafuu iliyoletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na likapenda upande wa magharibi wa kisiwa wenye udongo mzito na mvua nyingi. Upande wa mashariki, kwenye mawe ya matumbawe, hutaliona. Mti wake ni mrefu, mwembamba wa majani, na ukiwa mzee huipita minazi kwa kimo.

Sasa tuje kwenye harufu, maana ndiyo sifa yake na ndiyo lawama yake. Wageni wengi huisema kwa neno moja, uvundo, kisha wakanyamaza. Mimi naona hiyo si haki. Harufu ya doriani ina tabaka. La kwanza ni la kitunguu kilichokaangwa kikaanza kuungua, pamoja na kitunguu thaumu kilichosahauliwa katika bakuli. La pili ni la gesi ya mtungi wa kupikia inapovuja. Hapo ndipo wengi hukimbia. Lakini anayevumilia dakika chache hukuta tabaka la tatu chini yake, nalo ni tamu: nanasi lililoiva mno, asali, na kitu kama samli inayochemka.

Waliolipa tunda hili jina la kitaalamu walilikumbuka fungo, yule mnyama wa usiku atoaye zabadi. Jina lao, zibethinus, na neno letu zabadi ni ndugu wa tumbo moja, yote mawili yametoka katika Kiarabu. Bibi zetu wa pwani waliijua zabadi kuwa kitu cha kutengenezea manukato. Ikiwa nyingi hukirihisha, ikiwa kidogo hupendeza. Sidhani kuna mfano ulio bora zaidi kwa doriani.

Ule mfano wa gesi nao si wa kubuni. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu kali. Viwanda huitia kemikali za jamii ya salfa ili uvujaji utambulikane. Doriani hutengeneza kemikali za jamii hiyo hiyo lenyewe. Mwaka 2017 wataalamu wa Singapore walipotangaza kuwa wamezisoma chembe za urithi za doriani, walieleza kuwa zile zinazohusika na kutengeneza harufu ya salfa zimejirudia mara nyingi kuliko katika mimea mingine.

Kwa ndugu zetu wa polisi na zimamoto jambo hili si la mzaha. Mwezi Aprili 2018, mjini Melbourne, Australia, watu wapatao 500 walitolewa katika maktaba ya chuo kikuu kimoja kwa kuhofiwa kuwa gesi inavuja. Wazima moto waliingia wakiwa na barakoa, wakapekua jengo, wakakuta doriani lililooza kabatini. Mwezi Juni 2020, huko Schweinfurt, Ujerumani, kifurushi kilichokuwa kikinuka kilisababisha watu kuhamishwa kutoka ofisi ya posta, na wafanyakazi kadhaa wakatibiwa kwa kichefuchefu. Polisi walipokifungua walikuta madoriani manne ambayo mtu alitumiwa na rafiki yake. Katika treni za Singapore kuchukua doriani kumekatazwa, na hoteli nyingi za nchi zile hubandika mlangoni picha ya tunda hili iliyopigwa mstari mwekundu.

Na ladha je? Mzee mmoja wa upande wa Kizimbani ndiye aliyenipasulia la kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama usoni na bila shaka akaona pua yangu ilivyokunjana.

“Mwanangu, kwenu mnakula nini ambacho wageni hawakipendi?”

Nikamjibu kuwa kwetu tunakula senene. Panzi? Ndiyo, nikasema, huruka kwa makundi mwezi Novemba, tukawakamata usiku kwenye taa, tukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe.

“Basi wewe huna haki ya kuziba pua,” akasema, naye akacheka mpaka kofia ikasogea.

Alilipasua kwa kisu kifupi akifuata mistari ya ganda, ambayo asiye mzoefu haioni. Ndani mlikuwa na vyumba vitano vyeupe kama pamba, na katika kila chumba kokwa mbili au tatu zilizofunikwa nyama ya rangi ya siagi. Nyama hiyo haitafunwi. Hulainika ulimini kama malai ya maziwa yaliyochemshwa na sukari, ikaacha ladha ya lozi, kisha ya ndizi iliyoiva mno, na mwisho kabisa uchungu mdogo, na ule ukali wa kitunguu ukirudi kwa mbali kama mtu aliyesahau kuaga. Ajabu ni kwamba baada ya kokwa ya pili harufu ilikuwa imetoweka. Haikutoweka, bila shaka. Ni pua iliyokwisha kushindwa vita.

Mama wa nyumbani atakayepita Unguja, au atakayelikuta soko la Darajani, achague tunda ambalo kikonyo chake bado ni kibichi, na alitikise karibu na sikio: likiiva, kokwa husikika zikicheza kidogo. Lililokwisha kupasuka lenyewe liliwe siku ile ile. Kokwa zisitupwe, zikichemshwa au kuchomwa huliwa kama kokwa za fenesi, ila mbichi zisiliwe kamwe. Nyama yake huongezwa katika wali mtamu wa tui la nazi, kama wafanyavyo Wathai. Gramu 100 hutia mwilini kalori zipatazo 150, kwa hiyo ni chakula kamili kwa askari aliyetoka doria, lakini mwenye ugonjwa wa sukari au wa figo ajihadhari nalo. Na lisichanganywe na pombe. Utafiti wa maabara uliofanywa Japani mwaka 2009 ulionyesha kuwa doriani huzuia kazi ya kimeng’enya kinachousaidia mwili kuondoa sumu ya kileo.

Doriani bora halichumwi, huanguka lenyewe, na mara nyingi usiku. Ndiyo maana katika msimu huo mzee yule hulala bandani, si chini ya mti, maana kilo 2 za miiba kutoka juu kule si jambo la kufanyia mchezo. Kila akisikia kishindo hutoka na taa kabla mwizi hajawahi. Fedha ya madoriani, alisema, imenunua sare na madaftari ya wajukuu kwa miaka mingi.

Unguja ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine. Mti wa mzee ulipandwa na babu yake, lakini kiwanja uliposimama kimekuwa cha mtu mwingine, ambaye anataka kujenga nyumba, kwani mji unaenea kuelekea mashamba. Amekubali kulipa fidia ya mti. Mabishano yao ni juu ya kiasi: mnunuzi anahesabu bei ya mbao, na mzee anahesabu misimu.

Nilipomwomba kokwa mbili za kupanda kwetu alitikisa kichwa. Kokwa ya doriani haiwekwi akiba kama mahindi. Ikikauka hufa, na siku chache tu zatosha kuiua. Yeye mwenyewe alikwisha kuzipanda sita katika makopo ya maziwa nyuma ya nyumba, penye kivuli. Tatu zilikuwa zimechipua. Nikamwuliza zitazaa baada ya muda gani, akasema miaka minane, pengine kumi, na kwamba mjukuu wake wa darasa la tatu ndiye anayezimwagilia maji.