Hela Zilifika, Mimi Sikufika

Mwezi huu uniwie radhi, naomba nizungumze ya kwangu.

Rafiki yangu anaumwa. Ana saratani ya mlango wa kizazi, na madaktari wameshamwambia kwamba kilichobaki sasa ni kutuliza maumivu. Yupo kwao Lushoto, kwa mama yake. Huyu ndiye aliyenibeba Mabibo Hosteli nilipokosa chumba mwaka wa kwanza. Waliosoma Mlimani wanajua kubebana ni nini: kitanda kimoja chembamba, watu wawili, muhula mzima, yeye kajibana ukutani na mimi nusu ya mwili iko nje.

Sasa sikia aibu yangu. Alipokuwa Dar es Salaam akichomwa mionzi pale Ocean Road, alikaa zaidi ya mwezi. Mimi naishi Tabata. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara mbili tu, jamani! Ya kwanza nilikaa dakika 20 huku naangalia simu. Ya pili niliacha matunda nikaondoka mbio, eti jarida linakwenda mtamboni. Baada ya hapo nikawa mtu wa kutuma. Kila mwisho wa mwezi natuma hela kwa simu, naandika "pole shosti", naona wajibu wangu nimeumaliza.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mama yake akanipigia. "Mwanangu, mwenzio anakuulizia. Kama unakuja, njoo mapema." Nilimwelewa.

Nikaomba ruhusa ya siku nne, alfajiri nikapanda basi la Lushoto pale Kituo cha Magufuli, Mbezi. Chalinze, Segera, Korogwe, njia nzima natunga hotuba: nitamwomba msamaha hivi, nitamshukuru vile. Mombo tukaiacha barabara ya Moshi tukaanza kupanda mlima, kilometa kama 30 za kona juu ya kona. Soni wakaja akina mama na plamu na mapeasi dirishani, nikanunua ndoo nzima. Hata pale, kusema ukweli, bado nilikuwa natafuta kitu cha kutanguliza mbele yangu.

Nilipoingia chumbani sikumtambua. Ilikuwa sekunde moja tu, lakini aliiona.

"Hela zako zilifika," akasema. "Wewe tu ndiye hukufika."

Nikaanza hotuba yangu. Haikufika mbali. "Wee, acha! Uje ulie hapa halafu nikubembeleze mimi? Nimechoka kubembeleza wageni." Kumbe kila anayekuja analia, anasema "utapona tu kwa uwezo wa Mungu", na mgonjwa ndiye anayebaki na kazi ya kumtuliza. Alichotaka yeye ni umbea. Yule kaka wa mwaka wa tatu aliyekuwa ananiandikia barua kwa kalamu nyekundu yuko wapi siku hizi? Nikamwambia yuko Dodoma, ana kitambi na watoto watatu. Shosti alicheka mpaka akashika tumbo, halafu kicheko kikageuka maumivu, mama akaja na chupa ya morfini.

Ni dawa ya maji, anakunywa kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Maana yake mama wa watu, mwenye zaidi ya miaka 60, alikuwa hajalala usingizi wa maana kwa muda mrefu. Nikamwomba anifundishe kupima dozi. Usiku ule nikashika zamu mimi. Mama alilala kwenye mkeka sebuleni mpaka jogoo wakawika, na asubuhi alinishukuru kwa hilo kuliko hela zote nilizowahi kutuma.

Usiku wa pili, taa imezimwa, akaniuliza, "Umepima?"

Nina miaka 36. Sikuwa nimepima. Alinyamaza kwanza, halafu akanieleza jinsi yake ilivyoanza: damu kidogo kila baada ya tendo la ndoa. Akadhani ni sindano za uzazi wa mpango. Karibu mwaka mzima akadhani hivyo. "Na kipimo chenyewe ni siki, mwenzangu! Wanakupaka siki, wanaangalia kama panabadilika kuwa peupe, unavaa nguo unaondoka." Ni kipimo cha wanawake wa miaka 30 hadi 50, wasio na dalili yoyote. Binti yake ana miaka 11. Alishachanjwa shuleni, maana tangu 2024 chanjo hiyo ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hilo alilisema mara tatu usiku ule. Kashachanjwa. Kashachanjwa yule.

Usiku wa mwisho baridi ya Lushoto ilinishinda pale kwenye kiti. Akasogea ukutani, polepole, kwa shida.

"Panda basi, nikubebe."

Nikapanda. Nusu ya mwili nje, kama zamani. Tuliongea mpaka saa 9 ya dozi.

Niliporudi Dar nilikwenda kupima Jumanne yake. Niko salama. Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa yeye. Alipokea kwa sauti ndogo, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Haya, unakuja lini?"

Nimeshakata tiketi. Ijumaa hii, basi la saa 12 asubuhi.