Fundi alikataa kupanga karo, nikamfukuza

Mumezoea kunisoma juu ya bei ya makaa na ukosefu wa maji mabombani. Leo ni habari ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Goma.

Wote tunakumbuka Nyiragongo, tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata. Sisi tulikimbilia Sake. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, lakini pavema ya sebuleni ilikuwa na ufa toka mlangoni hadi dirishani, na upande mmoja umeshuka. Ukimwaga maji, yote yanakimbilia kona ile mama yangu anapotandika godoro.

Zamu yangu ya likelemba ilipofika, nikanunua karo. Fundi, mzee wa mtaa wetu, alikuja na mpira mwembamba wa maji, ule unaoonyesha ndani. Yeye alishika kona hii, mimi ile. Maji yakitulia, tunapiga alama ukutani. Kisha akapima toka alama hadi chini. Kona moja ilikuwa chini kwa sentimita 4.

"Papa, karo sipangi hapa. Kwanza tusawazishe. Na huu ufa, tuangalie kama ungali unatembea."

Alichora mistari ya penseli kuvuka ufa, akaandika tarehe, akaomba wiki tatu na mifuko mitatu ya simenti. Nikaona anataka kunila pesa. (Mimi, ambaye kila juma nauliza wakubwa kwa nini barabara zinajengwa haraka na kubomoka haraka!) Nikamlipa siku yake, nikamfukuza.

Kijana niliyemwita alimaliza kwa siku mbili. Kona iliyoshuka aliijaza kole nene, akalaza karo juu. Ilipendeza, hata majirani walikuja kuona.

Baada ya miezi miwili, ukigonga karo za kona ile zinalia kama kopo tupu. Kisha zikaanza kupasuka. Usiku mmoja mama aliamka kwenda nje, akakanyaga ukingo wa karo, kisigino kikachanika. Tulimshona nyuzi tano.

Nilirudi kwa mzee, nimeinamisha kichwa. Nikamwambia ni volkeno tena. Akaingia, akang'oa kipande kimoja, akakigeuza.

"Volkeno haikuweka kole hii. Ikiwa nene inajikunja ikikauka, chini panabaki utupu. Mtu akikanyaga, karo inavunjika."

Hakunicheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Tuling'oa zote, karibu nusu zilivunjika. Akachora mistari mipya, tukangoja wiki zake tatu. Mistari ilibaki inakutana: ufa ulikuwa umetulia. Aliupanua kwa tindo, akaosha vumbi, akaujaza. Pavema ya zamani akaigonga-gonga ili ikwaruze, akaipaka simenti ya majimaji, kisha karai moja ya simenti kwa tatu za mchanga, akavuta ubao mrefu ulionyooka juu yake. Kwa juma nzima kazi yangu ilikuwa kuinyunyizia maji asubuhi na jioni kabla ya kwenda redioni.

Karo zilizopona zimetosha nusu ya sebule. Nusu nyingine inangoja zamu yangu ijayo, na godoro la mama liko huko, juu ya pavema tupu. Siku ilipokauka alichukua kikombe cha maji, akamwaga kidogo konani, akakaa kuyatazama. Yalibaki palepale.