Kabla ya kushika spana, mpime mtoto

Sare ya shule tunainunua kubwa kidogo. Kaptula inafungwa mshipi, pindo la sketi linakunjwa, na mtoto anaambiwa ataikulia. Kiti cha gokati ya mbio hakinunuliwi hivyo. Kinatakiwa kimkae mtoto mbavuni na nyongani kama ganda na karanga, kwa sababu gokati ya mbio haina mkanda wa usalama. Kiti hicho ndicho kinachomshikilia kwenye kona. Kikiwa kikubwa, mwili unarushwarushwa ndani yake. Kikiwa kidogo, kinamfinya. Na watoto wetu, kama mnavyojua, hawaachi kukua eti kwa sababu baba ameshalipa.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Siku zangu nyingi ni za chanjo, lishe na kliniki za wajawazito. Lakini kaka yangu ana mvulana wa miaka 12 anayeshindana kwenye gokati, na wikendi nisipokuwa na zamu huandamana nao hadi uwanja wa Whistling Morans, Athi River. Wifi yangu hubeba chai na chapati. Mimi nimepewa kazi ya daftari: naandika kila kitu ambacho fundi amebadilisha na muda wa kila mzunguko.

Kwa mzazi ambaye hajawahi kuiona kwa karibu, gokati ya mbio ni fremu ya mabomba ya chuma, injini, kiti na magurudumu manne. Haina springi wala shoki. Kinachopinda kufuata barabara ni fremu yenyewe, ile ambayo mafundi huiita chesisi. Pia haina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, kwa hiyo yanazunguka kwa kasi moja.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kwenye kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Katika gari la nyumbani, difu hulimaliza tatizo hilo bila wewe kujua. Katika gokati, gurudumu la nyuma la upande wa ndani linapaswa kuinuka kidogo kutoka ardhini ili lile la nje lipite bila kuzuiwa. Lisipoinuka, gokati inakuwa mkaidi: unakata usukani, pua inataka kwenda mbele. Likiinuka kupita kiasi, linarudi chini kwa kishindo, linainuka tena, na gokati inaanza kurukaruka.

Karibu kila anachofanya fundi wa chesisi kinahusu gurudumu hilo: liinuke kiasi gani, na likae juu kwa muda gani. Anaweza kupanua au kupunguza nafasi kati ya magurudumu, kubadilisha mwelekeo wa yale ya mbele, kufunga ekseli ngumu au laini, kushusha au kupandisha kiti. Anacheza pia na upepo wa matairi, ambao ni mdogo sana, mara nyingi chini ya nusu ya ule wa gari la familia. Fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja, kisha anamrudisha dereva uwanjani. Akibadilisha vitatu kwa pamoja, hatajua kipi kilisaidia.

Katika vifaa vyote hivyo kuna kimoja kisichouzwa dukani. Mtoto wa umri wa mpwa wangu ni karibu theluthi ya uzito wote unaozunguka uwanjani, na uzito huo umekaa juu kuliko injini. Akirefuka, uzito unapanda pamoja naye, na gurudumu la ndani linainuka kwa urahisi zaidi. Gokati imebadilika bila mtu yeyote kugusa nati.

Likizo ya Aprili mambo yalikuwa mazuri. Agosti yakaharibika. Asubuhi gokati ilikwenda vizuri, lakini ikifika alasiri ilianza kurukaruka kwenye kona ndefu. Kaka na fundi waliamini matairi hayashiki. Wakabadilisha ekseli, wakagusa upepo, na mwishowe kaka akanunua matairi mapya, ambayo kwa mchezo huu ni gharama inayouma. Daftari langu lilionyesha muda unazidi kuwa mbaya.

Aliyeona ni wifi yangu. Kijana alikuwa anavaa shati kwa mkono mmoja. Akaniita pembeni, kwa vile katika familia mimi ndiye "wa afya".

"Unaumwa wapi?" nikamuuliza.

"Siumwi, Shangazi."

"Hebu vuta pumzi hadi mwisho."

Alifika nusu, akakunja uso. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie Baba. Matairi ni mapya."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Wazazi wa mchezo huu wanaijua hadithi ya Anthony Hamilton, aliyefanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja ili mwanawe Lewis, aliyeanza mbio za gokati akiwa na miaka 8, aendelee kushindana. Ni hadithi ya kweli na inatutia moyo sisi watu wazima. Lakini mtoto akiisikia mara kwa mara, anasikia pia deni. Anajifunza kwamba maumivu yake yana bei, na kwamba bei hiyo italipwa na baba.

Tulimwambia baba yake, kijana akiwepo. Daktari alimpima na kupiga eksirei: hakuna mfupa uliovunjika, ila mbavu zilikuwa zimechubuka. Akaagizwa apumzike hadi maumivu yaishe kabisa. Wazazi, tusidanganywe na neno "hazijavunjika". Mbavu za mtoto hupinda kwa urahisi kuliko za mtu mzima, kwa hiyo zinaweza kubaki nzima huku mapafu yaliyo nyuma yake yameumia. Mtoto aliyegongwa mbavuni akipumua kwa shida, akikohoa damu, akiumwa zaidi kila saa, au akilalamikia tumbo au bega, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Nyumbani tulimpima kama anavyopimwa mtoto wa kliniki, mgongo ukutani, penseli kichwani. Tangu Januari, kiti kilipofungwa, alikuwa amerefuka sentimita 5 na kuongeza kilo 4. Sasa alikuwa na kilo 45. Fundi alipoona namba hizo alitikisa kichwa. "Basi hii siyo gokati tuliyoitengeneza."

Akatueleza jambo ambalo daftari lilikuwa likilionyesha muda wote. Kadiri siku inavyosonga, matairi huacha mpira wao kwenye lami, nayo lami inapata joto, hivyo alasiri mshiko huwa mkubwa kuliko asubuhi. Matairi yalikuwa yanashika kupita kiasi. Mshiko mkubwa, dereva aliyerefuka na kiti kilichobana viliinua gurudumu juu mno, na kila liliporudi chini, ukingo wa kiti uligonga mbavu zile zile. Kwenye kona kali, nguvu inayomsukuma dereva upande inaweza kufika mara mbili ya uzito wake. Kwa kijana wa kilo 45, hilo ni gunia la mahindi la kilo 90, na likija kwa mruko linakuwa pigo. Matairi mapya yalikuwa yanaongeza ugonjwa.

Dawa ilikuwa kiti kikubwa kwa saizi moja, kilichofungwa chini kidogo, na magurudumu ya nyuma yakapanuliwa. Pia akanunuliwa fulana ya kukinga mbavu. Mzazi anayetafuta fulana hiyo aangalie lebo ya FIA 8870-2018, ambacho ni kiwango kilichowekwa kwa ajili ya madereva wa gokati. Fulana inasaidia, lakini haiwezi kurekebisha kiti kisichomtosha mtoto.

Familia yetu imejiwekea taratibu chache, na nadhani zinaweza kufaa hata kwa mtoto wa mpira au wa kuogelea. Kila likizo inapoanza, mtoto anapimwa urefu na uzito kabla ya kifaa chochote kuguswa. Anakaa kwenye kiti akiwa amevaa vifaa vyote, kisha anavuta pumzi hadi mwisho. Kiti kikimzuia, kimekwisha. Na swali limebadilika. Zamani kaka alikuwa anauliza, "Umeumia?" na jibu la kijana lilikuwa "hapana" hata kabla swali halijaisha. Siku hizi anauliza, "Gokati imekugonga wapi?" Hilo ni swali la fundi, na kulijibu hakumfanyi kijana aonekane mnyonge. Akisema ubavu wa kushoto, kona ya pili, fundi anajua aanzie wapi. Jibu lake lina safu yake katika daftari, kabla ya safu ya muda.

Kijana alirudi uwanjani Desemba. Matairi yale mapya yalikuwa yamekaa stoo miezi minne, na fundi alituonya kwamba mpira ukikaa hukauka na kupoteza mshiko kidogo. Kaka yangu alimjibu kwamba hata uliokuwapo ulikuwa umezidi.