Ndoto za Alinacha kwenye Pantoni

Kuna swali ambalo kila anayeandika huulizwa, hata sisi wa magazetini tunaojiita waandishi kwa kujipendelea: mawazo ya kuandika unayapata wapi? Kwa miaka mingi nimekuwa nikijibu kwa mkato, "Napanda pantoni." Watu hucheka, wanadhani natania. Sitanii. Ila hivi karibuni jibu hilo limenigeukia, na sasa siwezi tena kulitoa kwa wepesi ule. Ngoja nieleze.

Naishi Kigamboni, nafanya kazi mjini. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016, baadhi ya wenye magari wanazungukia huko, lakini sisi wa miguu bado tunavuka kwa pantoni kwenda Magogoni, nauli shilingi 200. Ni safari ya dakika chache tu. Unasimama katikati ya bodaboda, mikokoteni, matenga ya kuku na wanafunzi wanaomalizia kazi ya nyumbani juu ya goti. Mbele yako mji unasogea taratibu, minara ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, paa la Azania Front, maghorofa mapya nyuma yake. Kisha unaanza kusikia harufu ya soko la samaki la Feri, unajua umefika.

Nikishuka nina mambo mawili ninayoyapenda kabla sijaingia ofisini. La kwanza ni kahawa chungu ya kijiweni, kikombe kidogo na kipande cha kashata, nikiwasikiliza wazee wakibishana kuhusu Simba na Yanga utadhani ni kesi ya mirathi. La pili ni vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini pembeni mwa barabara kule Posta. Mimi navipenda vile vilivyoandikwa ndani na wenyewe wa zamani. Kitabu kina jina la mwanafunzi wa mwaka 1983, kidato cha tatu, na pembeni ya ukurasa kaandika "muhimu sana". Muhimu kwa nini? Najiuliza siku nzima. Alifaulu? Alikiuza yeye mwenyewe, au kimeuzwa na watoto wake baada ya msiba?

Unaona tatizo langu lilipo. Nikiona kitu kidogo, nakijengea maisha mazima.

Waswahili tuna jina la ugonjwa huu, ndoto za Alinacha. Wengi tunalitumia bila kukumbuka limetoka kwenye hadithi za Alfu Lela U Lela. Alinacha alirithi dirhamu mia moja, akanunua vyombo vya kioo, akavipanga kwenye sinia na kukaa chini kusubiri wateja. Akaanza kuota. Nitauza hivi, nitapata faida, nitanunua vingine, nitatajirika, nitamwoa binti wa waziri, na huyo binti akinipigia magoti nitamsukuma kwa mguu hivi! Akarusha mguu kweli. Sinia likapinduka, vyombo vyote vikavunjika.

Nilipokuwa mdogo niliisikia hadithi hii kama onyo la tamaa. Siku hizi kinachonishika ni huo mguu. Ndoto ilikuwa ya kichwani, lakini mguu ulikuwa wa kweli, na vilivyovunjika vilikuwa vya kweli.

Basi, kulikuwa na mzee kwenye pantoni. Nilimwona kila Jumanne, shati limenyooshwa vizuri, kofia, na mwavuli mweusi mrefu uliofungwa. Masika mwavuli, kiangazi mwavuli, jua la Januari la kuchoma utosi, mwavuli, na hata siku moja haufunguliwi. Alikuwa anasimama mahali palepale, karibu na ukingo, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza.

Kwangu mimi hiyo ilitosha kabisa. Nikampa jina, Nahodha. Nikaamua alikuwa mpishi wa meli aliyezunguka bandari zote za Bahari ya Hindi, na kwamba huko Mombasa aliacha mwanamke ambaye siku ya kuagana alimpa mwavuli ule. Aliahidi kurudi kabla mvua hazijaanza, hakurudi, ndiyo maana hawezi kuufungua. Nilikuwa na daftari maalumu la Nahodha. Kwa muda wa miezi minane nilijaza kurasa 43. Nilikuwa nafika ofisini, naandika habari ya kikao cha wadau, halafu mchana najificha kantini na Nahodha wangu. Nilijiliwaza kwamba Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha. Alishinda na mafaili ya serikali ya kikoloni, na vitabu vikatoka hivyohivyo. Kwa nini isiwe mimi?

Halafu ikaja Jumanne ya mvua.

Ilikuwa mvua ile ya pwani isiyopiga hodi. Abiria wote tulikimbilia penye paa, wenye khanga wakajifunika, wenye mabegi wakayaweka kichwani. Nahodha akabaki palepale, analowa, mwavuli mkononi. Nikasema leo lazima. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, mwavuli unao. Mbona huufungui?"

Akacheka. "Nikiufungua, nitapapasia nini?"

Sikuelewa. Akanielewesha taratibu, huku mimi namvuta tuingie penye nafuu. Alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma. Kila Jumanne alikuwa anakwenda kliniki mjini. Mwavuli ulikuwa fimbo yake. Ile nyeupe alishaambiwa atafute, "lakini hiyo nitaianza siku yake, siyo leo. Nikitembea na mwavuli watu wananiona mzee nadhifu. Nikitembea na fimbo nyeupe wananiona maskini."

Na kuinamisha kichwa vile? Alikuwa anakariri njia. Mlio wa mnyororo wakati mlango wa pantoni unapanda, injini inapobadilisha sauti katikati ya maji, kelele za Feri zinapoanza. "Macho bado yapo kidogo," alisema. "Nayatumia kufundishia masikio."

Hakuwahi kufanya kazi melini. Alikuwa fundi cherehani miaka yote, Temeke. Aliugundua ugonjwa kwa kuchelewa kwa sababu hauumi. Kwanza alishindwa kupitisha uzi. "Nikalaumu sindano. Nikasema za siku hizi matundu yake wanayaziba." Kisha akaanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango. Kisha, akasema, ikawa akimimina chai inatua pembeni ya kikombe.

Aliposema hilo la chai, nilinyamaza.

Desemba iliyotangulia nilikuwa nyumbani Muheza. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Asubuhi moja alimimina chai ikatua mezani, sufuria nzima ya maziwa karibu iishie kwenye kitambaa. Mama akafuta. Baba akasema "aa, mikono ya uzee," tukacheka, yakaisha.

Kuna kitu ambacho sijawahi kukisimulia kwa mtu. Tangu nianze kazi, baba alikuwa anasoma kila ninachoandika, halafu ananitumia meseji. Hakuwa mtu wa kusifu. "Si masaa, ni saa." "Aya ya tatu haina kazi, itoe." Nilikuwa nazichukia na kuzisubiri kwa wakati mmoja. Kisha, kama miaka miwili iliyopita, zikakoma. Ilikuwa ni wakati uleule nilipohamishwa kutoka dawati la siasa kwenda la burudani na makala. Nikafunga hesabu mwenyewe: baba kanikatia tamaa. Kasomesha mtoto chuo kikuu ili aandike habari za harusi za wasanii. Sikumuuliza. Niliijenga hadithi hiyo vizuri kabisa, na kila kitu nilikipa nafasi yake ndani yake. Akiniambia kwenye simu "haya, ongea na mama yako," nasema unaona? Magazeti niliyompelekea nikayakuta yamekunjwa vilevile nilivyoyaacha, nasema unaona? Nikaacha kuyapeleka. Simu zikapungua. Nilipoona mtu anagonga mwimo wa mlango wa chumbani kwake mwenyewe, nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, hata hilo sikulipa maana yoyote, kwa sababu halikuwemo kwenye hadithi yangu.

Mzee wa mwavuli ndiye aliyeniambia kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na kwamba wanawe wote amewalazimisha kupimwa. Nilipiga simu Muheza nikiwa nimelowa, palepale Magogoni, watu wananipita.

Sitawachosha na habari za foleni na vipimo. Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi. Presha ndani ya jicho inaua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Uoni wa pembeni ndio huanza kwenda, kwa hiyo mgonjwa hajui, anaona mbele anadhani anaona kote. Kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki. Jicho la kushoto la baba limebaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. La kulia liko afadhali, ila maandishi ya gazeti yanamshinda, na yale ya simu ndiyo kabisa.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi nje. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nilidhani ndiyo uzee wenyewe."

"Na makala zangu?"

Akakaa kimya kidogo. "Nilikuwa nasubiri siku ukija unisomee. Nikaona hata magazeti huleti tena. Nikasema mtoto ana kazi nyingi, nisimsumbue."

Kumbe na yeye alikuwa na sinia lake la vioo. Miaka miwili, watu wawili wanaopendana, kila mmoja anamwandikia mwenzake hadithi, na hakuna aliyeuliza swali moja. Na mimi kuuliza maswali ndiyo kazi inayonilipa mshahara.

Nimefikiri sana kama niache ndoto za mchana. Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu siwezi. Bila Nahodha nisingemwangalia yule mzee kwa miezi minane, na bila kumwangalia nisingemfuata siku ya mvua. Tamaa ya kujua maisha ya mtu usiyemjua ni jambo jema, na nadhani ndiyo inayotufanya wengi wetu tusome riwaya. Kosa langu lilikuwa kuridhika. Nilipomaliza kumtunga mtu, nilijiona nimeshamjua. Mgeni wa pantoni hilo halimdhuru sana. Mtu wa nyumbani mwako linaweza kumgharimu jicho.

Zile kurasa 43 bado ninazo. Nilimkiri mzee, nikamweleza habari ya Mombasa na mwanamke wa mwavuli. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa mzuri?" Nikamwambia alikuwa mzuri. "Basi usimfute," akasema. Siku hizi Jumanne tunasimama pamoja. Anafumba macho, ananitajia tulipofika, mimi nafumbua yangu kuhakiki. Hakosei.

Na kila usiku saa tatu, baada ya matone, nampigia baba simu namsomea. Naanza na nilichoandika siku hiyo, halafu kurasa chache za *Kusadikika*, kitabu cha mwaka 1951 alichowafundisha wanafunzi wake miaka nenda rudi. Ni nchi iliyo angani, yaani ndoto ya mchana ya Shaaban Robert mwenyewe, lakini ndani yake mshitakiwa Karama anasimama barazani na kuwalazimisha wakubwa wasikilize habari za wajumbe sita waliofungwa bila kusikilizwa. Zamani nilikisoma ili nifaulu mtihani. Sasa nikikimbiza maneno baba ananirudisha: "Taratibu. Karama hakuwa na haraka, alikuwa anajitetea."

Jana nimemsomea makala hii. Alinisimamisha mara tatu. Mara mbili ilikuwa ni lugha, nimesahihisha. Ya tatu alisema nimetia chumvi, maziwa hayakuwa sufuria nzima. Nikamuuliza yalikuwa kiasi gani. Tukabishana mpaka muda wa maongezi ukaisha.