Kijana wa Mchuchuma na Mwezi Wangu

Nilifundisha fizikia Makambako miaka kumi na miwili bila kuutazama mwezi hata mara moja kwa makini. Kila mwaka niliandika ubaoni: mwezi ukiangazwa nusu, hutupa nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Hesabu ilikaa vizuri, nami nikaridhika.

Siku moja kijana wa kidato cha pili, kwao upande wa Mchuchuma, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu mwezi mpevu tunatembea bila tochi. Ukiwa nusu tunajikwaa." Nikamjibu kwamba hapa tunasoma sayansi, si hadithi za njiani. Darasa likacheka. Akaketi.

Miezi ilipita. Usiku mmoja, nikiandaa mtihani, nikasoma kwamba nusu mwezi hutupa takriban sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wa mwezi mpevu. Usingizi ukaniruka. Hata hivyo nilinyamaza wiki mbili nzima. Kiburi cha mwalimu ni kigumu kumeza.

Hatimaye nilimwita kijana yule, nikamwambia nilichosoma. Hakuwa na kinyongo. Alikuja na mfuko wa makaa ya mawe aliyotoka nayo kwao likizo, tukayamwaga mezani kwangu. Bahati nzuri umeme ulikuwa umekatika. Akaishika tochi karibu na sikio langu: rundo likaonekana la kijivu, halina kivuli. Akaisogeza pembeni: kila bonge likatupa kivuli juu ya jirani yake, rundo likazama gizani. Tochi ileile, makaa yaleyale.

Ndivyo ulivyo mwezi. Hauna hewa wala mvua; vimondo vimeuponda ukawa vumbi, mawe na kasoko. Ukiwa mpevu, jua liko mgongoni petu, na kila punje inaficha kivuli chake nyuma yake. Ukiwa nusu, vivuli vyote tunaviona. Tena huo tunaouita mweupe hurudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga wa jua, karibu sawa na lami iliyochakaa.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile. Akasema, "Yameisha, mwalimu." Sikustahili jibu jepesi namna hiyo.

Nawe unayefundisha, mwezi ukifika siku ya saba, toka nje saa moja usiku na gazeti mkononi. Rudi tena siku ya kumi na nne, usubiri mwezi upande juu. Nenda na mwanafunzi, umwache aseme kwanza.