Nguvu, Pumzi na Mizani

Mazoezi yatokana na kuzoea, na mwili huzoea kile tu unachofundishwa. Atakaye kusimulia kisa kirefu huchagua utenzi. Vivyo hivyo, afanyaye mazoezi nyumbani na ataje kwanza kusudio lake.

Mwanangu aponda mawe ya dhahabu huko Geita kutwa nzima. Nguvu anazo, jioni ahitaji kunyoosha mgongo. Mimi, mwalimu mstaafu wa Shinyanga, nahitaji matatu. Kwa pumzi, natembea haraka haraka: mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri walau dakika 150 kwa wiki. Kwa nguvu, siku mbili kwa wiki naketi na kuinuka kitini bila kushika kitu. La tatu ni usawa wa mwili, ambao sisi washairi twaweza kuuita mizani: siku tatu kwa wiki nasimama kwa mguu mmoja kando ya ukuta.

Mchakamchaka wa shuleni ulitupa pumzi na nyimbo, mizani haukutufundisha. Nayo ndiyo niitangulizayo sasa. Mizani ya mshororo ikipotea, kalamu hurekebisha. Ya mzee ikipotea, huvunjika nyonga.