Pamba Masikioni

Muuzaji aliniona nimesimama mlangoni na helmeti kwapani, akadhani nimeleta abiria.

"Boda, mteja wako yuko wapi?"

Nikamwambia mteja ni mimi, nataka iafoni. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na ukuta mzima nyuma yake ulikuwa umejaa iafoni kuanzia darini hadi usawa wa kiuno. Akachomoa pakiti moja bila hata kuangalia.

"Chukua hii, kaka. Besi yake balaa."

Nikazivaa. Kisha nikavaa na helmeti juu yake. Wasichana wawili waliokuwa wanachagua kava za simu wakageuka. Nikazungusha shingo kushoto, nikazungusha kulia, nikapanua mdomo kama mtu anayepiga miayo. Nilipovua helmeti, iafoni ya kulia ilibaki sikioni, ya kushoto ikaondoka na sponji, ikadondoka sakafuni na kuingia chini ya kabati la vioo.

"Hizi hapana," nilisema.

"Kaka, umekuja kununua iafoni au umekuja kuendesha pikipiki humu ndani?"

Wasichana wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu sikuwa na namna ya kumweleza kwa kifupi kilichonileta. Kilichonileta kilianza na maziko.

Baba yangu alifanya kazi miaka 22 katika kiwanda cha nguo, upande wa kufuma. Anasema mitambo ilipowashwa yote, mlikuwa hamwezi kuongea hata mkiwa mmegusana mabega. Walikuwa na ishara zao za mikono: uzi umeisha, mwite fundi, msimamizi anakuja, twende chai. Alitoka pale na cheti, redio ya zawadi, na masikio ambayo sisi watoto tulizoea kuyapigia kelele. Nyumbani kwetu Maili Moja, Kibaha, televisheni huwa inasikika kutoka barabarani. Tulichukulia kwamba ndivyo wazee walivyo.

Mwaka juzi rafiki yake wa kiwandani alifariki. Mtoto wa marehemu akampigia baba simu kumpa ratiba. Maziko saa sita. Baba akasikia saa tisa.

Yatamke maneno hayo mawili polepole. Sita. Tisa. Ondoa s na t, usikie kilichobaki. Vinabaki i na a, kwa mpangilio uleule, na katika sikio la baba yangu ndivyo pekee vinavyobaki. Alivaa koti lake, akapanda daladala mbili, akafika akakuta watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanakula wali, na kaburi limeshafunikwa. Hakuna aliyemlaumu. Alirudi akakaa barazani bila kuvua koti, na mama alipomuuliza mazishi yalikuwaje, alisema, "Yalikuwa mazuri, nimeambiwa."

Baada ya hapo alikubali nimpeleke hospitali. Daktari alimfungia kwenye chumba kidogo, akamvalisha hedifoni, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Mchoro wa baba ulikwenda vizuri kwenye sauti nzito, kisha ulipofika kwenye sauti nyembamba ukaporomoka kama mtu aliyekosea ngazi. Daktari alieleza kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, na kelele za muda mrefu huviua. Vikifa haviotí tena. Vinavyotangulia kufa ni vile vya sauti nyembamba, na humo ndimo zinamokaa s, t, f na sh.

Nilimwambia daktari, kama utani tu, kwamba mimi mwenyewe usiku nikilala nasikia kitu kama nyenje. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikasema uhasibu, ofisi iko Posta, hakuna kelele yoyote zaidi ya feni. Akaniuliza ninafikaje Posta.

"Kwa pikipiki."

Akanielekeza kwenye kile chumba kidogo.

Mchoro wangu ulinyooka karibu wote, isipokuwa sehemu moja, kwenye hezi 4,000. Hapo palikuwa na kishimo. Nilikuwa na miaka 29.

Kabla ya siku hiyo niliamini kelele ya pikipiki ni injini na ekzosi. Kumbe ukishavuka mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, kelele kubwa ni upepo unaozunguka helmeti na kupenya pale chini ya kidevu. Kwenye kilomita 100 kwa saa, ndani ya helmeti nyingi upepo hupita desibeli 90, na mara nyingi hukaribia 100 au kuzidi. Helmeti inalinda fuvu. Masikio haiyalindi sana.

Kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo nilikaa nikapiga hesabu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Desibeli 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Mimi natoka Maili Moja, napita Kiluvya, Kibamba, Mbezi, hadi Kimara kwa mwendo wa 80 pale barabara inaporuhusu, asubuhi na jioni, siku tano au sita kwa wiki, kwa miaka minne. Hata nikijihurumia kwenye makadirio, hesabu haifungi vizuri.

Na juu ya upepo huo nilikuwa naongeza muziki. Nilikuwa na iafoni ngumu za plastiki, zile zinazoning'inia mlangoni mwa sikio bila kuingia ndani. Upepo ulipita pembeni yake kama maji kwenye pakacha, na mimi nikajibu kwa kuongeza sauti. Asubuhi moja karibu na Kimara nilikuwa nimeongeza hadi mwisho. Sikusikia kitu. Nilichohisi ni ukuta wa upepo ukinisukuma kushoto, kisha ubavu wa basi la mkoani ukinipita nikiwa nimeshaanza kuhama njia. Niliingia kituo cha mafuta kilichokuwa mbele, nikazima pikipiki. Kijana wa pampu akaja.

"Braza, honi ile yote hukuisikia?"

Hiyo ndiyo honi ninayoikumbuka kuliko zote nilizowahi kusikia.

Kwa wiki kadhaa niliacha iafoni kabisa. Nilidhani nimetatua tatizo, mpaka nilipogundua kwamba nyenje hawajaondoka, na kwamba nikishuka Posta bado nawajibu wenzangu kwa kupaza sauti, hasa jioni nikifika nyumbani. Mama alisema, "Sasa nina wawili." Upepo peke yake ulikuwa unatosha.

Kwa hiyo Jumamosi ile Aggrey nilikuwa natafuta kitu ambacho sikujua kukiita. Nilitaka iafoni ambayo kazi yake ya kwanza ni kuziba, na kazi ya pili ni kuongea. Kila muuzaji alinisifia sauti. Hakuna aliyenisifia ukimya.

Nilijaribu zisizo na waya. Ni nzuri, na zile zenye mtambo wa kufuta kelele zinapunguza kweli mngurumo mzito wa injini. Lakini nyingi zina mwili mnene unaochomoza nje ya sikio, na sponji ya helmeti haina huruma na kitu kinachochomoza. Inakikandamiza kwenye gegedu, na baada ya dakika 20 sikio linauma kama limefinywa. Tena maikrofoni zake zikiguswa na upepo huvuma. Na ukivua helmeti haraka, moja inaruka. Dukani iliingia chini ya kabati. Barabarani ingeingia kwenye mtaro.

Duka la nne lilikuwa la dada mmoja aliyekuwa amekaa kwenye stuli anakunywa chai ya maziwa. Nilimweleza yote, hata la basi. Hakunionyesha kitu mpaka alipomaliza kunisikiliza.

"Wewe unataka zile wanazovaa wanamuziki jukwaani," alisema. "Ndogo, bapa, waya unapita juu ya sikio halafu unashuka nyuma ya shingo. Vaa tuone."

Nikavaa, nikavaa helmeti. Hazikugusa kitu. Waya niliupitisha nyuma, chini ya jaketi, ambako mkono wala kamba ya helmeti haviwezi kuunasa. Lakini vile vimpira vya silikoni vilivyokuja nazo vilikuwa vinateleza, na kila nilipofungua mdomo upepo wa feni yake uliingia. Akatoa kifuko kingine chenye vimpira vya sponji, saizi tatu. Akanionyesha: kibinye kwa vidole mpaka kiwe chembamba, zungusha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kishikilie huku unahesabu mpaka 30. Nikahesabu. Kariakoo ikaanza kuondoka. Kwanza ilikwenda feni, ikafuata spika ya mnadani, kisha zikaenda honi za bajaji kule nje, hazikuisha ila zilisogea mbali. Midomo ya dada ilikuwa inasema kitu. Nikachomoa moja.

"Nimesema elfu 45, na vimpira elfu 8."

Nilimpa elfu 50, akakubali.

Sitaki kusema nimepata dawa. Iafoni za namna hii hazijapimwa wala kuthibitishwa kama kinga ya masikio, tofauti na vizibo vya povu vya viwandani ambavyo pakiti yake huandikwa hupunguza desibeli ngapi. Ninavyo na hivyo pia, ndani ya mfuko wa jaketi, na siku ya safari ndefu kwenda Chalinze navaa hivyo peke yake, bila muziki. Iafoni nina masharti nazo. Sauti naipanga nikiwa nimesimama uani, injini imezimwa, kiwango ambacho naweza kumsikia mama akiniita kutoka jikoni, na siigusi tena njiani. Kimara, magari yanapoanza kubanana na mwendo kushuka, nazima muziki. Toka hapo hadi Posta ninachohitaji kusikia ni kondakta, honi na yule mtoto anayevuka na ndoo ya karanga.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba kwenye mwendo mkubwa nasikia vizuri zaidi nikiwa nimeziba. Upepo ulikuwa umefunika kila kitu. Ulipopungua, honi zilitokea. Mlio wa breki za lori ulitokea. Siku ya tatu nilisikia mnyororo wangu unagonga, nikaukaza, na fundi akaniambia ulikuwa hivyo muda mrefu.

Nilimwonyesha baba vimpira vile. Alivibinya, akaviangalia vinavyojaa tena kiganjani mwake.

"Kiwandani tulikuwa tunatia pamba," alisema.

Sikuwahi kujua. Nilimuuliza kwa maandishi, kwenye simu, kwa herufi kubwa: NA WEWE ULITIA?

"Wiki ya kwanza. Pamba ilikuwa imejaa sakafuni, unaokota tu. Halafu nikaacha. Msimamizi alikuwa akipita anasema, huyu ametia pamba masikioni, huyu haambiliki. Watu wanacheka. Tena mfumaji anasikiliza mtambo. Uzi ukikatika mlio unabadilika. Niliogopa kutosikia uzi."

Nilitaka kumwambia kwamba pamba ya kuokota isingemsaidia sana, inapunguza kidogo mno. Sikuandika. Nilikuwa nafikiria kwamba kwetu mtu akitia pamba masikioni tunamhesabu mkaidi, na kwamba baba yangu aliitoa ili aonekane msikivu. Alisikiliza nyuzi za vitenge vya watu wengine miaka 22, akakosa maziko ya rafiki yake kwa herufi mbili.

Siku hizi asubuhi hunisindikiza hadi getini. Mimi nakuwa nimeshaziba, nimeshavaa helmeti, injini inanguruma. Yeye huniuliza nitarudi saa ngapi. Najua swali kwa kuangalia midomo yake. Hata ningejibu kwa sauti, yeye asingelisikia na mimi nisingejisikia. Kwa hiyo nanyoosha mikono yote miwili na kukunja kidole kimoja. Tisa. Anahesabu vidole vyangu kimoja kimoja, anakunja chake kimoja, ananionyesha. Kisha anafanya ishara nyingine, viganja viwili vikisukumana mbele na nyuma, ambayo mwanzo sikuielewa.

Nilipomuuliza maana yake alisema ni ya kiwandani. Mtambo uko sawa, washa, twende.